Nasari Zetu Zilikotoka

Ndugu wa Kinango, mlio nyumbani na mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo,

Kila mwaka tunawaombea watoto wadogo mchango. Safari hii tumeona tueleze kwanza madarasa yao yalikotoka.

Zamani mtoto wa Kiislamu alianzia chuoni, kwenye alifu na be. Wengine walingoja hadi mkono wao upite juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, hapo ndipo walipohesabiwa wamefika umri wa darasa la kwanza. (Wenye mikono mirefu waliwahi.)

Nasari zilikuja na harambee, baada ya uhuru wa 1963. Wazazi walikata nguzo, wakaezeka, wakamtafuta kijana aliyesoma kidogo awafundishe watoto. Serikali haikumlipa. Alilipwa kwa karo ya wazazi, na mvua ilipokosa, mahindi yalikosa, naye akakosa. Wengi waliacha kazi, na hatuwalaumu. Mwaka 1986 huko Mombasa, Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan walianzisha chekechea ndani ya madrasa, Kurani pamoja na michezo na hesabu, na mtindo huo ukaenea pwani.

Mwaka 2003 karo ya shule ya msingi ilifutwa. Tulishangilia, lakini msamaha ule ulianzia darasa la kwanza. Nasari ilibaki ya kulipiwa. Mzazi mwenye mbuzi watatu alipiga hesabu upesi: ya nini kulipia nasari, na mwakani ni bure? Watoto wakakaa nyumbani, kisha wakaingia darasa la kwanza lililofurika, penseli hawajawahi kuishika. Kwa maoni yetu, miaka kumi iliyofuata ndiyo iliyowarudisha nyuma watoto wetu zaidi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi. Tangu 2013 Kaunti ya Kwale imejenga madarasa na kuajiri walimu, na hilo tunalishukuru bila kigugumizi. Leo mzazi anaweza kuchagua PP1 na PP2 za umma, madrasa, au shule ya kulipia kwa aliye karibu na mji.

Ila kwetu vijiji vimetawanyika. Mwendo anaoumudu kaka wa darasa la sita haumudu mtoto wa miaka minne, tena asubuhi ya kiangazi, hajatia kitu tumboni. Darasa lipo, mwalimu yupo, mtoto hayupo. Penye uji huja, na uji ukiisha huonekana kwenye daftari la mahudhurio wiki hiyohiyo.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu tumeuelekeza kwenye unga, sukari, sufuria na matangi ya maji ya mvua, tukianza na vituo vilivyo mbali zaidi na barabara. Wapishi watakuwa akina mama wa vijiji hivyo, kwa zamu, na kuni zitatoka kwa wazazi.