Kedong 1895: Vita Vilivyoanzia kwa Mabinti Wasio na Majina

Ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya chini kutoka Nairobi, ukipita Mai Mahiu kuelekea Naivasha, milima ya Suswa na Longonot hujitokeza upande wa kushoto. Nyanda zinazotandaa chini yake ndizo Kedong. Siku hizi malori ya Uganda na Kongo hupita hapa usiku na mchana, na tangu 2019 treni ya reli ya kisasa nayo hulikata bonde hilo hilo.

Mnamo Novemba 1895 waliopita hapa walikwenda kwa miguu. Msafara wa watu wapatao elfu moja, wengi wao Wakikuyu na wengine Waswahili wa pwani, ulikuwa ukirudi Fort Smith, Kikuyu, kutoka kituo cha serikali cha Eldama Ravine. Zaidi ya nusu yao hawakufika nyumbani.

Vitabu huliita tukio hilo mauaji ya Kedong. Maelezo hutofautiana katika mambo mengi, ila juu ya chanzo hukaribiana: watu wa msafara waliingia katika maboma ya Wamaasai, wakachukua mali isiyo yao na kuwashika mabinti kwa nguvu. Morani, vijana wapiganaji wa Kimaasai, walikusanyika, wakauvamia msafara kwa mikuki. Habari zilipomfikia Andrew Dick, mfanyabiashara Mskoti aliyekuwa karibu, aliingia bondeni na bunduki yake bila kutumwa na mtu. Inakadiriwa Wamaasai mia moja waliuawa kabla naye hajachomwa mkuki akafa.

Serikali ya himaya ya Waingereza, iliyokuwa na umri wa miezi michache tu tangu kutangazwa Julai 1 mwaka huo, ilichunguza na kukiri kwamba Wamaasai walikuwa wamechokozwa. Adhabu yao ikawa kukosa ng'ombe walionyakuliwa na Dick. Basi faili likafungwa. Ndani yake mna hesabu ya wapagazi, hesabu ya mifugo, na jina la Mzungu mmoja. Mabinti waliokuwa chanzo cha yote hayo hawakutajwa hata mmoja.

Ghadhabu ya morani haieleweki vizuri mpaka mtu ajue desturi ya mpaka ule. Wakikuyu na Wamaasai walipigana na kuibiana ng'ombe kwa miaka mingi, lakini biashara kati yao ilibebwa na wanawake, na wanawake hao hawakuguswa. Kundi la wanawake wa Kikuyu, likiongozwa na mtu anayefahamika pande zote mbili, liliweza kushuka hadi kwenye maboma likiwa na nafaka, tumbaku na vibuyu, kisha likarudi na ngozi na mbuzi, hata wakati vijana wao walikuwa wakiwindana porini. Aliyemgusa mwanamke njiani aliiharibia soko nchi nzima. Wapagazi wa 1895 walikuwa wageni kwa kazi hiyo mpya ya serikali, wengi kwa idadi na wenye bunduki kadhaa mkononi. Walivunja sharti ambalo hata maadui walilitunza.

Na walilivunja wakati mbaya. Sotoka ilikuwa imeingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka mifugo ya Wamaasai, ndui ikafuata, kisha njaa. Familia nyingi ziliwapeleka wake na watoto kwa Wakikuyu ili wapate chakula. Wengine walirudi mambo yalipotulia, wengine wakaolewa huko huko. Laiboni Mbatiany, kiongozi wao wa kiroho, alikuwa amefariki, na wanawe Lenana na Sendeyo waligombea nafasi yake. Katika hali hiyo, boma lililobaki na ng'ombe wachache na mabinti wake lilikuwa na kila sababu ya kuwalinda.

Ulaya ina kisa kinachofanana na hiki cha mabinti wasio na majina. Waviking walipovamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, walioandika habari walikuwa watu wa dini, nao walililia zaidi makanisa yao. Kwa mwaka 821, kumbukumbu za Ireland zinasema tu kwamba wavamizi waliwateka wanawake wengi huko Howth. Karne kadhaa baadaye, masimulizi ya Iceland yakampa mmoja wa aina yao jina, Melkorka, binti wa mfalme wa Ireland aliyeuzwa utumwani. Waandishi wa riwaya hawajachoka kumrudia msichana wa nyakati zile.

Mwandishi wa Naivasha akitaka kumwandika ndito, yaani msichana wa Kimaasai, wa Kedong, vitu vya kuanzia vipo. Ajue kwamba nyumba yao aliijenga mama yake, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na kwamba yeye mwenyewe alifundishwa kukitunza kibuyu cha maziwa: kinaoshwa, kisha kijinga cha moto cha mti wa mzeituni wa porini kinaingizwa ndani na kusuguliwa mpaka kuta zinakuwa nyeusi, majivu yanafutwa, ndipo maziwa yanamiminwa. Moshi huo huyapa maziwa harufu na kuyazuia yasiharibike upesi. Mpagazi aliyekinyakua kibuyu cha namna hiyo aliondoka na kazi ya asubuhi nzima ya binti fulani.

Ajue pia yaliyofuata. Tuseme ndito huyo alikuwa na miaka 15. Reli ilipofika Naivasha mwaka 1900 alikuwa na 20, pengine tayari mama. Agosti 1904, alipokuwa na 24, Lenana na viongozi wenzake walitia alama kwenye mkataba hapo hapo Naivasha, na Wamaasai wakaondolewa kwenye malisho ya ziwa ili walowezi wapate nafasi. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo. Ahadi ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwatoa wa Laikipia nao, wakasukumwa kusini pamoja na mifugo yao, uhamisho uliokamilika mwaka 1913.

Mwaka huo huo kesi ya Ole Njogo na wenzake, Wamaasai waliopinga uhamisho huo, ilitupwa, mahakama ikisema haina mamlaka ya kuamua juu ya mkataba kati ya Mfalme wa Uingereza na Wamaasai. Ndito wa Kedong sasa angekuwa mwanamke wa miaka 33, amejenga nyumba zake upya kila alikohamishiwa. Katika mikataba hiyo miwili na katika kesi hiyo, hakuna mwanamke aliyeulizwa ardhi ile alikuwa akiitumiaje, ingawa aliyechota maji, aliyekamua na aliyejenga alikuwa yeye.