Mikono ya Wafungwa: Tarehe ya Oltepesi na Jirani Zake

Oltepesi ni kituo kidogo kwenye barabara ya Nairobi kwenda Magadi, Kaunti ya Kajiado. Jirani yake ni Olorgesailie, mahali penye shoka za mawe za watu walioishi kando ya ziwa la kale, takriban miaka milioni moja iliyopita. Louis na Mary Leakey walizikuta mwaka 1942. Waliozifukua si wao peke yao.

Mwaka 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Italia yalishindwa Uhabeshi na Somalia, na maelfu ya askari wake wakaletwa Kenya kama mateka. Wengine walijenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Wengine, mwaka 1943, walipelekwa Olorgesailie kuchimba. Ilikuwa kazi ya kifungo, lakini yenye sheria: Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza kumtumikisha mateka kazi ya hatari, ukataka alipwe. Vita vilipokwisha walirudishwa kwao.

Mwaka huohuo wa 1943, huko Poland, Wayahudi walitumikishwa bila sheria yoyote. Katika kambi za Wanazi za kuangamiza watu, walizitoa maiti za ndugu zao katika vyumba vya gesi, wakazing'oa meno ya dhahabu, wakazichoma. Huko Birkenau kikosi chao kiliitwa Sonderkommando, nao waliuawa kwa zamu ili asibaki shahidi. Hata hivyo hawakukubali kufa kimya. Wafungwa wa Treblinka waliasi tarehe 2 Agosti 1943, wa Sobibor tarehe 14 Oktoba, na wa Birkenau tarehe 7 Oktoba 1944. Zalman Gradowski, mmoja wa waasi wa Birkenau, aliuawa siku hiyo. Alikuwa amefukia maandishi yake karibu na tanuri za maiti. Yalifukuliwa mwaka 1945.

Kisha zamu ikawa ya Wakenya. Miaka ya 1950, ng'ambo ya Kitengela, kambi ya Athi River ilijaa mahabusu wa Mau Mau, walioupinga utawala wa Waingereza. Wenzao wa Embakasi walitumikishwa kujenga uwanja wa ndege uliofunguliwa 1958. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, askari waliwapiga mahabusu waliokataa kazi, 11 wakafa. Serikali ya Uingereza ilisubiri hadi Juni 2013 kutamka majuto na kuwalipa fidia wazee 5,228.

Makosa haya hayalingani, na mwenye kuyalinganisha huwadhulumu wafu wa Treblinka. Hata hivyo kipimo chake ni kimoja: je, aliyetumikishwa aliachwa arudi kwao na kusimulia? Mwitalia aliachwa. Mahabusu wa Mau Mau alisubiri nusu karne asikilizwe. Gradowski alilazimika kuukabidhi udongo ushahidi wake.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Magadi simama Olorgesailie, tazama mawe, kisha uliza nani aliyachimba. Uwanja wa ndege wa Embakasi nao una swali hilohilo.