Soketi ya nje: mkinge mtoto asipigwe shoti

Mama, ukihitaji umeme uani, usivute ekstensheni kupitia dirishani. Waya huchubuka na kulowa mvua, na mtoto mwenye mikono yenye maji akiushika hupigwa shoti.

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, kisha hakikisha:

- Anazima meni swichi kabla ya kuanza kazi.
- Waya wa nje umepita ndani ya bomba, na soketi imeunganishwa na athi.
- Soketi ina mfuniko usiopitisha maji, wenye alama ya IP65, nayo iko juu, mtoto asikofika.
- Kuna kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye alama ya 30 mA. Kina kitufe cha kujaribia. Akuoneshe namna ya kukibonyeza.

Mtoto akinaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu, usogeze waya kwa fimbo kavu. Asipopumua, mkandamize kifua na kumpulizia pumzi, mwingine atafute gari.

Hata akionekana mzima, mpeleke kituo cha afya. Umeme huunguza ndani ya mwili na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, huku ngozi ikiwa na alama ndogo tu.