Faili Sugu au Faili Lililoshikiliwa?

Kiswahili cha Tanzania kinalipenda sana neno sugu. Tuna wadaiwa sugu ambao majina yao hubandikwa ukutani, majambazi sugu wa kwenye magazeti, madoa sugu ya matangazo ya sabuni, na siku hizi usugu wa dawa unaowakosesha madaktari usingizi. Mafundi kompyuta nao hawakutaka kupitwa, wakapata faili sugu: lile unalolichagua, unabonyeza kufuta, na mashine inakujibu kwamba haiwezekani. Neno limeshika kwa sababu linaeleweka papo hapo. Tatizo lake ni kwamba linamtwisha lawama asiyehusika. Mdaiwa sugu amekataa kulipa. Bakteria sugu amebadilika hadi dawa haimfanyi kitu. Faili halijakataa chochote, limelala tu kwenye diski. Anayekataa ni mfumo endeshi, na mara nyingi anakataa kwa niaba ya programu nyingine ambayo bado imelishika.

Jambo hili utaliona vizuri kwenye steshenari za Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, hasa msimu ambao vijana wa mujibu wa sheria wanaripoti kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kila mmoja ana karatasi ya kuchapisha. Mteja anatoa fleshi. Dada wa steshenari anainakili barua kwenye mashine yake, anaifungua kwa Word, anachapisha kurasa mbili. Mteja, ambaye hataki barua yake ibaki kwenye mashine ya watu, anasema, “Dada, naomba uifute kabisa.” Dada anabofya kufuta, kinatokea kisanduku cha Kiingereza. Anabofya tena, kisanduku kilekile. Kisha anashusha macho hadi chini ya skrini, pale Word ilipojikunja baada ya yeye kufungua dirisha la mteja mwingine. “Kumbe bado ipo wazi hii, kaka.” Anaifunga Word, anafuta, barua inaondoka bila ubishi. Fleshi nayo ingegoma kutolewa kwa usalama kama barua ingefunguliwa humo humo badala ya kunakiliwa, na sababu ingekuwa ileile.

Sasa jaribu kukieleza kisanduku kile kwa Kiswahili. Tafsiri inayokuja upesi ni “faili limefungwa,” kwa kuwa Waingereza huitaja hali hiyo kwa jina la kufuli. Lakini dawa ya tatizo lenyewe ni kuifunga ile barua iliyo wazi. Kwa hiyo mteja ataambiwa faili limefungwa, na ili lifutike inabidi alifunge kwanza! Kitenzi funga kwetu kinabeba mzigo mkubwa mno: tunafunga mlango kwa kuurudisha tu, tunafunga kwa ufunguo, tunafunga duka jioni, tunafunga Ramadhani, na mahakamani mtu anafungwa miaka mitatu. Kwenye mazungumzo ya kawaida muktadha unatuokoa. Kwenye kisanduku chenye maneno sita hakuna muktadha wa kumwokoa mtu.

Ndiyo maana naona istilahi inayofaa ni kushikilia. Faili limeshikiliwa, programu fulani inalishikilia, ikiliachia, litafutika. Maneno hayo matatu yanatosha kueleza tatizo, mhusika na dawa, na mtu hahitaji kusomea teknolojia ya habari ili ayaelewe.

Tena hatuyabuni, yapo tayari ofisini. Kabla ya kompyuta, na hata sasa, ofisi za serikali zina masijala. Jalada likitoka masijala, mtunza kumbukumbu anaandika kwenye rejesta limekwenda kwa nani na lini. Ukiliulizia unajibiwa, “Liko kwa mkurugenzi.” Wakati huo huwezi kulifunga, huwezi kulihamishia ghalani, wala kulipeleka kwenye kituo cha kumbukumbu, hata kama muda wake wa kutunzwa umekwisha. Hakuna anayesema jalada ni sugu. Anaulizwa aliyelishika, basi. Mfumo endeshi ni mtunza kumbukumbu mwenye rejesta kali kuliko zote: kila programu inayofungua faili inaandikwa, na kwenye Windows inapoandikwa inatamka pia ni nini wengine wanaruhusiwa kufanya wakati huo. Programu inaweza kuwaruhusu wengine wasome ila wasiandike. Inaweza kukataa vyote. Huko, kama aliyetangulia hakutoa ruhusa ya kufuta, anayefuata atakataliwa hata kama yeye ndiye mwenye kompyuta.

Kila ingizo kwenye rejesta hiyo lina namba, na kwa Kiingereza wataalamu huiita namba hiyo kwa jina la mpini. Hapa mtunga istilahi anapaswa kuwa macho. Mpini kwetu ni wa jembe na shoka. Mshiko ungependeza, ila kwa vijana wa Dodoma na Dar es Salaam mshiko ni hela, na fundi atakayemwambia mteja kwamba faili lake lina mshiko atakuwa amefungua mjadala mwingine kabisa. Kishikio kinatosha. Vivyo hivyo programu inayoendeshwa wengi huiita mchakato, neno zuri kwenye kamusi, lakini kwenye masikio ya Mtanzania aliyezoea kuambiwa “mchakato unaendelea,” mchakato ni jambo lisilo na mwisho. Mimi husema programu inayofanya kazi. Ni maneno mengi zaidi, sawa, ila hayachekeshi.

Kwa kuwa kishikio ni cha programu, programu ikifa vishikio vyake vyote huachiwa. Hapo ndipo ule ushauri wa kila fundi, zima uwashe, unapopata nguvu zake, na hauna uchawi wowote. Kuzima mashine ni kuziua programu zote, hivyo faili linarudi masijala. Asiyetaka kuzima anaweza kumtafuta mshikiliaji mmoja mmoja. Process Explorer, programu iliyotoka kwa Mark Russinovich na wenzake wa Sysinternals kabla Microsoft haijainunua kampuni yao mwaka 2006, inakuruhusu kuandika jina la faili na kuonyeshwa nani kalishika. Mwaka 2022 Microsoft waliongeza zana ya aina hiyo kwenye mkoba wao wa zana uitwao PowerToys, wakaiita kwa jina la fundi wa kufuli, yaani bado wako kwenye kufuli. Na kama mshikiliaji ni programu isiyoweza kuzimwa wakati mashine inafanya kazi, Windows ina orodha ya mafaili ya kufutwa wakati wa kuwaka, kabla wengine hawajaamka kuyashika. Ndiyo sababu baadhi ya programu ukiziondoa zinakuomba uwashe mashine upya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kompyuta isifute tu inapoambiwa. Jibu lipo Makutupora penyewe. Bonde lile lina visima vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji kwenye visima hivyo kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Ni moja ya rekodi ndefu za maji ya ardhini zinazojulikana katika ukanda huu wa joto. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London, Lister Kongola na wenzao waliichambua rekodi ya miaka 55 ya visima hivyo katika jarida la Nature Climate Change. Walionyesha kwamba maji chini ya Makutupora hayajazwi kila masika. Yanajazwa katika misimu michache ya mvua zilizopita kiasi, ukiwamo ule wa El Niño ya 1997 na 1998. Hitimisho zima, pamoja na maamuzi ya kiasi gani cha maji mji unaweza kuvuta, limeegemea miezi michache kati ya mamia. Safu chache zikipotea, hitimisho linabadilika. (Katika jarida hilo jina limeandikwa Makutapora, kwa a, anayetafuta mafaili kwa u hatayapata yale ya kwa a.)

Fikiria basi rekodi ya namna hiyo kwenye jedwali moja, kwenye kabrasha linalotumiwa na ofisi nzima. Mmoja amelifungua na anaingiza vipimo vya mwezi huu. Mwingine, kwenye mashine ya pili, anasafisha diski na anaona jina linalofanana na la mwaka jana. Mfumo ukitii amri yake, kazi ya yule wa kwanza imeanguka chini. Kwa hiyo unakataa, na ni vizuri ukatae. Excel huenda mbali zaidi: mtu akifungua jedwali, pembeni yake linazaliwa faili dogo lililofichwa, jina lake likianza na alama mbili za ajabu, ya wimbi na ya dola, na ndani yake limo jina la aliyefungua. LibreOffice nayo ina faili lake la kushikilia. Ukikubali kuyaonyesha mafaili yaliyofichwa utayaona yakizaliwa na kufa jedwali linapofunguliwa na kufungwa.

Balaa huja umeme unapokatika. Mashine inazimika kabla programu haijapata nafasi ya kufuta kile kifaili chake, na asubuhi ofisi inaambiwa jedwali linatumiwa na mtu ambaye yuko likizo Kondoa. Hapa hakuna anayelishikilia tena. Kilichobaki ni ingizo kwenye rejesta ambalo hakuna aliyelikata. Ukishahakikisha mwenye jina hajalifungua popote, kifute kile kifaili kidogo na jedwali litafunguka. Mafundi wengi hukimbilia kufuta jedwali lenyewe kwa nguvu au kulinakili kwa jina jipya, na ndiyo asili ya yale makabrasha yenye Ripoti, Ripoti Mpya, Ripoti Mpya ya Mwisho na Ripoti Mpya ya Mwisho Kabisa.

Kirusi cha fleshi kinachogeuza makabrasha kuwa njia za mkato, ambacho kila steshenari nchini imeshakutana nacho, kinatumia kushikilia huko huko kwa nia mbaya. Unafuta faili lake, linarudi. Unafuta tena, linarudi. Faili lile haliko peke yake: ipo programu ya kirusi inayofanya kazi kwenye kompyuta, inayolishikilia na kuliandika upya kila likiondoka. Ukianza na fleshi utachoka bure. Anza na kuizima programu kwenye kompyuta, ndipo usafishe fleshi, kisha uyarudishe mafaili ya mteja ambayo kwa kawaida yapo salama, yamefichwa tu.

Si kila kukataa ni kushikilia, na hapo neno “sugu” linaficha mengi. Faili lililotoka kwenye diski ya kompyuta nyingine linaweza kugoma kufutwa kwa sababu mmiliki wake ni akaunti isiyokuwapo hapa. Hilo ni suala la ruhusa, na mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kujimilikisha. Kadi ya kamera yenye kiswichi kidogo ubavuni huzuiwa kuandikwa kiswichi hicho kikisukumwa upande wa kuzuia. Fleshi iliyochoka nayo hufika mahali ikakubali kusomwa tu: unafuta, unaichomoa, ukiirudisha yote yamo, na hapo hakuna programu itakayosaidia, nakili vilivyomo ununue nyingine. Kuna mafaili yaliyozikwa kwenye kabrasha ndani ya kabrasha hadi anwani yake ikapita herufi 260, mpaka wa zamani wa Windows. Fupisha majina ya makabrasha ya juu, yatafutika. Na kuna majina kama CON, AUX na NUL, yaliyotengwa kwa ajili ya vifaa tangu enzi za MS-DOS. Mtu akileta faili la jina hilo kutoka Linux, Windows inabaki inaduwaa.

Linux yenyewe imechagua njia nyingine. Haikatai. Unaruhusiwa kufuta faili ambalo programu bado inalishikilia, kwa sababu amri ya kufuta huko, iliyorithiwa kutoka Unix, kazi yake ni kulitenga jina na faili tu. Jina linaondoka kwenye kabrasha mara moja. Yaliyomo yanabaki diskini mpaka mshikiliaji wa mwisho aachie. Hapo hata neno kufuta linazidi kipimo, na kuondoa jina ndiyo kauli ya kweli. Wasimamizi wa seva wanalijua hili kwa machungu: diski imejaa, mtu anafuta faili la kumbukumbu lililovimba, anaangalia nafasi iliyobaki, haijaongezeka hata kidogo. Anatafuta faili, halipo. Seva ya wavuti bado imelishika na inaendelea kuliandikia, bila jina. Amri ya lsof itamwonyesha faili hilo likiwa na alama kwamba limeshafutwa, pamoja na namba ya programu inayolishikilia. Akiiwasha upya huduma hiyo, nafasi inarudi hapohapo.