Jina Bila Mashine: Vikoa Tanzu, Seva ya Pamoja na Majina ya Gitega na Muyinga

Makala haya yanahusu jambo ambalo wanaisimu huwaachia mafundi, na mafundi huwaachia makarani: namna majina ya tovuti za taasisi nyingi yanavyotungwa na kutunzwa katika seva moja. Hoja yake ni kwamba tangu mwaka 1997 jina la tovuti halihitaji mashine yake lenyewe. Kwa hiyo, mji au lugha inapokosekana katika anwani za umma, sababu haiwezi tena kuwa uhaba wa vifaa. Ni uamuzi wa kiutawala, na uamuzi huo una historia.

Tuanze na Gitega, kwa kuwa jina lake limekwisha kubadilishwa mara moja na maandishi. Wajerumani walipoanzisha makao yao ya utawala huko mwaka 1912, waliandika Kitega. Tahajia hiyo ilidumu katika hati za Wabelgiji. Kirundi, kwa kufuata kanuni ya Dahl, hukigeuza kiambishi ki- kuwa gi- mbele ya konsonanti isiyo ghuna kama t; Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kazi ya utawala wa Kijerumani, hakifanyi hivyo. Kitega ni Gitega iliyosikiwa kwa sikio la Kiswahili, kama vile Urundi na Usumbura zilivyobeba kiambishi u- hadi uhuru wa mwaka 1962 uliporasimisha Burundi na Bujumbura. Mtafiti asiyejua hayo hutafuta faharasa za zamani chini ya herufi G na kuondoka mikono mitupu. Jina lililobadilika bila kuachiwa daraja hupoteza kumbukumbu zake, na kanuni hiyo ya nyaraka inazihusu anwani za mtandao pia.

Mfumo wa majina ya vikoa ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yaliandikwa katika jedwali moja lililotunzwa Marekani. Jipya lilikuwa ugatuzi: aliyekabidhiwa tawi aliweza kutunga majina chini yake bila kuomba ruhusa ya aliye juu. Mwenye gov.bi anaweza kuunda vikoa tanzu kumi au mia moja ndani yake. Msimbo .ke wa Kenya ulisajiliwa mwaka 1993, .tz mwaka 1995, na .bi mwezi Oktoba 1996. Kusajiliwa si sawa na kumiliki: usimamizi wa .rw ulikuwa mikononi mwa shirika la nje ya Rwanda hadi ulipokabidhiwa RICTA mwaka 2012.

Ugatuzi wa majina, hata hivyo, ulitangulia ugatuzi wa seva. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 kivinjari kilipoomba ukurasa kilitaja njia ya faili tu, si jina la tovuti. Seva iliyobeba tovuti mbili ilihitaji anwani mbili za IP ili kuzitofautisha, na anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Mwaka 1996 programu ya Apache, toleo la 1.1, iliwezesha upangishaji pepe kwa kutumia jina. Januari 1997 itifaki ya HTTP/1.1 ikalazimisha kila ombi kuwa na mstari uitwao Host, unaotaja tovuti inayotafutwa. Mstari huo mmoja ulibadilisha uchumi wa majina. Kilichobaki ni kizuizi cha usimbaji: katika HTTPS seva ilitakiwa kutoa cheti kabla haijasoma Host. Kiendelezi cha mwaka 2003 kilichotanguliza jina katika salamu ya kwanza kilitatua hilo, ingawa vivinjari vya zamani vilichelewa kukifuata. Vyeti visivyo na malipo vya Let's Encrypt vilipoanza kufunika vikoa tanzu vyote kwa pamoja mwaka 2018, gharama ya kuongeza jina ilikaribia sifuri.

Istilahi zetu, kwa bahati, zinalieleza jambo hili vizuri. Upangishaji umetokana na nyumba ya kupanga: paa moja, mlango mmoja wa barabarani, wapangaji wengi, na mgeni huulizwa anamtafuta nani. Kikoa nacho kina maana ya zamani ya chakula kinacholiwa kwa pamoja kwa zamu. Sidhani walioliteua neno hilo walikuwa na mlo akilini, lakini linafaa.

Kiutendaji kazi ni fupi. Katika faili la majina huongezwa rekodi inayoelekeza kikoa tanzu kwenye anwani ya seva. Katika Apache huandikwa kifungu cha VirtualHost chenye ServerName, yaani jina kuu. ServerAlias, yaani majina mengine ya tovuti hiyohiyo. Na folda ya kurasa zake. Kuna jambo moja ambalo washauri wa sera hawaelezwi: ombi lenye jina lisilotambulika hupelekwa kwenye kifungu kilichoorodheshwa kwanza. Jina likifutwa katika seva lakini likabaki katika faili la majina, msomaji haoni kosa. Anaoneshwa tovuti ya mwingine, na mara nyingi ya kwanza katika orodha ni ya makao makuu.

Hapo ndipo suala la Muyinga linapokuwa zito. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifanyika kwa ramani hiyo. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ilibaki kuwa jina la mkoa. Muyinga iliingizwa katika Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na jina lake likabaki kuwa la komini na la mji. Takwimu, matangazo ya zabuni na hati za ardhi za miongo kadhaa zinataja mkoa wa Muyinga.

Ng'ambo ya mpaka wa Kobero kuna mfano wa kulinganisha. Wilaya ya Ngara ina ngaradc.go.tz, na mkoa wake una kagera.go.tz. La pili limetungwa vizuri kuliko la kwanza. Herufi mbili za mwisho za ngaradc ni kifupisho cha Kiingereza cha aina ya halmashauri. Hadhi ikibadilika, anwani itasema uongo. Kwa Burundi, ambako hadhi imekwisha kubadilika, kikoa tanzu kiwe jina la mahali pekee: muyinga, bila alama ya mkoa wala komini. Jina la mahali lina faida nyingine ya kisera, nayo ni kwamba halitafsiriwi. Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vyote huandika Muyinga.

Majina ya idara hayana bahati hiyo. Tanzania ina ikulu.go.tz na bunge.go.tz, Burundi ina presidence.gov.bi. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2021, na hoja inayotolewa dhidi ya kuongeza lugha ni gharama. Katika tafsiri ya kurasa gharama hiyo ni ya kweli. Katika anwani haipo: indero, education na elimu zinaweza kuwa ServerAlias tatu za tovuti moja, kwa mstari mmoja wa maandishi. Mfanyabiashara wa soko la Muyinga anayezungumza Kiswahili kila siku angeipata wizara kwa neno analolijua, hata kama ukurasa wenyewe bado ni wa Kifaransa.

Anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa msimbo 301, unaozijulisha injini za utafutaji kuwa uhamisho ni wa kudumu, na rekodi zake zisifutwe. Orodha ya majina yaliyowahi kutumika, pamoja na tarehe zake, ihifadhiwe na idara ya nyaraka na si na fundi wa seva peke yake, kwa kuwa fundi huhamishwa na seva hubadilishwa. Kitega iingizwe katika orodha hiyo.