Uso Usioulizwa

Ukiifuata filamu ya Fight Club kinyumenyume, ukampita mwongozaji David Fincher, ukaipita na hati ya Jim Uhls, utafika Portland, jimbo la Oregon, kwenye kampuni ya malori ya Freightliner. Huko Chuck Palahniuk alikuwa fundi wa dizeli, akiandika pia miongozo ya kutengenezea magari. Safari moja ya kupiga kambi alipigwa vibaya, akarudi kazini uso umevimba. Wenzake wakamwuliza habari za wikiendi, jeraha hawakuligusa. Kwetu mtu wa namna hiyo hamalizi kuvuka kizingiti kabla hajapewa pole na kuulizwa kulikoni.

Ukimya ule ulizaa hadithi fupi ya kurasa 7, ambayo baadaye ikawa sura ya 6 ya riwaya yake ya Fight Club, iliyotoka mwaka 1996. Vikao vya wagonjwa anavyohudhuria msimulizi wa hadithi hiyo navyo havikubuniwa hewani: Palahniuk aliwahi kujitolea kuwapeleka watu waliokaribia kufa kwenye mikutano ya kufarijiana.

Filamu ilionyeshwa kwanza Venice, Septemba 1999. Ilikula zaidi ya dola milioni 60, na kwenye kumbi za Marekani ikaingiza kama milioni 37 tu. DVD ndizo zilizoifufua.

Kila nikiitazama, husimama sebuleni kwa msimulizi, anayeigizwa na Edward Norton. Anapita chumbani, na kila samani inaandikwa jina na bei yake hewani, kama ukurasa wa katalogi ya IKEA. Kochi lina jina. Yeye hana, filamu nzima haimtaji kwa jina lake. Kisha anakuja Tyler Durden, wa Brad Pitt, na ngumi za klabu ya kupigana, na sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya binadamu. Watazamaji wengi walizishika ngumi, na naamini hapo ndipo walipopotea njia. Wanaume wa klabu hiyo, waliokimbia katalogi, wanaishia kwenye nguo nyeusi za aina moja, wamevuliwa hata majina, wakitii amri za mtu mmoja.

Mimi narudi mwanzoni, kikaoni, kwa Bob, anayeigizwa na Meat Loaf, mgonjwa wa saratani ya korodani. Anamkumbatia msimulizi na kumwambia alie. Yule analia, hatimaye. Wanapoachana, kwenye fulana ya Bob kumebaki alama ya machozi: macho mawili na mdomo, uso wa msimulizi mwenyewe.