Dale Chihuly: Mfumaji aliyegeukia kioo

DALE Chihuly, mmoja wa wasanii mashuhuri wa kioo duniani, alianza safari yake kwa uzi wala si kwa moto. Alizaliwa mjini Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, mnamo Septemba 20, 1941. Ujana wake uligubikwa na misiba: mwaka wa 1957 kakake aliaga dunia katika ajali ya ndege akipokea mafunzo ya urubani wa kijeshi, na mwaka uliofuata babake akafariki. Mamake, aliyebaki kumlea, alikuwa mpenzi mkubwa wa bustani.

Akisomea upambaji wa majengo katika Chuo Kikuu cha Washington, Chihuly alijifunza ufumaji, akawa anatia vipande vya kioo katika vitambaa alivyofuma. Mnamo 1965 alipuliza kioo kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1968 alienda Venice, Italia, alikowakuta mafundi wakifanya kazi kwa kundi, kila mmoja na jukumu lake.

Katikati ya miaka ya sabini alitengeneza mitungi yenye mapambo ya blanketi za Wanavajo. Nyuzi nyembamba za kioo zilipangwa juu ya bamba la chuma, kisha kioo cha moto kikabingirishwa juu yake na kuzinasa. Mnamo 1977, baada ya kutazama vikapu vikuukuu vya wenyeji asilia wa Marekani, vilivyolegea na kupinda, aliacha joto na uzito vilegeze kioo vivyo hivyo. Mwaka wa 1980 zikafuata kazi zenye maumbo ya viumbe vya baharini.

Hata hivyo, ajali ya gari nchini Uingereza mwaka wa 1976 ilimpofusha jicho la kushoto, na mwaka wa 1979 akateguka bega. Fundi asiyeweza kukadiria umbali wala kuhimili bomba zito angefanyaje? Chihuly aliwakabidhi wengine bomba, akabaki kuchora na kuelekeza.

Wapo wanaohoji iwapo kazi isiyopulizwa kwa pumzi yake ni yake kweli. Lakini ikumbukwe kwamba huko Venice kazi ya kioo haikuwa kamwe ya mtu mmoja. Isitoshe, ni kumbukumbu yake mwenyewe, ya bustani ya mamake, iliyochanua katika Mille Fiori, bustani ya kioo aliyoionyesha Tacoma mwaka wa 2003.